Utando Mwembamba na Kiu ya Pwani

Tangu mwaka 2012 hutangazwa kila baada ya muda, katika magazeti na katika idhaa mbalimbali za dunia, kwamba wataalamu wamepata utando mpya, mwembamba kupita kiasi, ambao utayageuza maji ya bahari kuwa maji matamu kwa gharama ndogo sana. Habari hizo hupokewa kwa furaha, na ni haki zipokewe hivyo. Mama wa pwani anayechota maji ya kisima yenye chumvi, na huku bahari yote i mbele ya mlango wake, hahitaji kufundishwa na mtu maana ya kukaa kando ya maji yasiyonyweka. Lakini habari njema nayo hupimwa. Yafaa kuulizwa ni kitu gani hasa kilichovumbuliwa, kinafanya kazi kwa njia gani, kina uwezo gani na hakina uwezo gani, na kitamfikia lini yule mwenye ndoo mkononi. Hayo ndiyo makusudi ya mazungumzo ya leo.

Ulimwengu haukosi maji. Kati ya kila madebe 100 ya maji yaliyomo duniani, madebe 97 hivi ni ya chumvi. Na sehemu kubwa ya hayo matatu yaliyobaki ni barafu, au imefichika chini ya ardhi. Watu, mifugo na mashamba hutegemea kile kidogo kinachosalia. Katika miji ya pwani shida hii ina sura yake ya pekee. Huko, chini ya ardhi, maji matamu yatokanayo na mvua hukaa juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Visima vikivuta kwa kiasi, mizani hiyo hudumu. Vikivuta kupita kile ambacho mvua hurudisha, maji ya bahari hupanda na kuingia visimani, na kisima kilichokwisha kuingiwa na chumvi hakiponi upesi. Hayo yameonekana katika visima vingi vya Dar es Salaam. Mji wa Lamu nao hutegemea maji yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Vilima vile vikiharibiwa, mji hupoteza ghala lake. Kwa hiyo swali la kuondoa chumvi katika maji si swali la anasa.

Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Chumvi hiyo haielei kama takataka, wala haizami kama mchanga. Imeyeyuka, yaani imevunjika kuwa chembe ndogo mno zilizosambaa katikati ya maji yenyewe. Ndiyo sababu kitambaa hakiwezi kuichuja, wala mchanga hauwezi, wala kuyachemsha maji hakuiondoi. Yakichemshwa sana, ladha ya chumvi huzidi. Njia ya kale ni kuyageuza maji yawe mvuke, kisha kuukusanya mvuke huo upoe na kuwa maji tena. Chumvi hubaki chunguni. Nchi za Ghuba ziliitumia njia hiyo kwa mitambo mikubwa kwa miaka mingi, kwa kuwa zilikuwa na mafuta na gesi ya kuchoma. Nchi isiyo na utajiri huo haimudu moto wa namna hiyo.

Njia ya pili ni ya utando, na kila mpishi wa pwani anaweza kuifahamu. Anapotaka tui, huitia nazi iliyokunwa ndani ya kifumbu akaikamua. Tui hupita, chicha hubaki. Asipokamua, hapati kitu. Mtambo wa utando ni kifumbu cha namna hiyo: maji ya bahari hukamuliwa kwa nguvu juu ya utando wenye nafasi ndogo mno, maji yakapita na chumvi ikabaki.

Lakini iko tofauti moja kubwa. Chicha hailivuti tui lirudi, ila chumvi huyavuta maji. Mvuvi anayemtia samaki chumvi ili awe ng'onda huona maji yakimtoka samaki yule bila ya kukamuliwa, yakiifuata chumvi. Hali kadhalika, maji matamu yakitenganishwa na maji ya bahari kwa utando unaopitisha maji peke yake, ni maji matamu yatakayohamia upande wa chumvi. Wataalamu huuita mwendo huo osmosisi. Atakaye kuugeuza mwendo huo, maji matamu yatoke kwenye chumvi badala ya kuiendea, hana budi kuyasukuma maji ya bahari kwa nguvu inayoushinda mvuto wa chumvi.

Nguvu hiyo hupimika. Kwa maji ya bahari ya kawaida ni mara 27 hivi ya shinikizo la hewa ya kila siku. Tena huo ni mwanzo tu. Kadiri maji matamu yanavyotoka, yale yanayobaki huzidi chumvi, na mvuto wake huzidi pia. Ikiisha kutolewa nusu ya maji, chumvi ya nusu iliyobaki huwa maradufu, na shinikizo linalotakiwa hufika mara 55 hivi. Ndiyo maana mitambo ya maji ya bahari husukuma kwa shinikizo la mara 55 hadi 70. Hesabu hizi zikumbukwe, maana ndizo zitakazokata shauri huko mbele.

Historia ya utando wenyewe haikuanza jana. Katika miaka ya 1950 Charles Reid na wenzake, katika Chuo Kikuu cha Florida huko Marekani, walionyesha kwamba utando wa selulosi asetati huzuia chumvi. Lakini utando wao ulikuwa mnene, na maji yalipita tone kwa tone. Kufikia mwaka 1960 Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, walitengeneza utando wa tabaka mbili katika mmoja: juu ngozi nyembamba ya kuizuia chumvi, na chini tabaka nene lenye matundu la kuishikilia ngozi ile isipasuke. Maji yakapita kwa wingi kuliko kwanza. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, katika jimbo la California, ukaanza kupata maji ya kunywa kwa njia hiyo, yakitokana na maji ya ardhini yenye chumvi.

Katika miaka ya 1970 Mmarekani mwingine, John Cadotte, akaitengeneza ile ngozi ya juu kwa poliamaidi, kitu cha ukoo mmoja na nailoni. Unene wa ngozi hiyo ni nanomita 100 hadi 200 hivi. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa sehemu milioni. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Mitambo mingi ya utando iliyoko duniani leo hutumia uzao wa utando ule wa Cadotte.

Somo lililopatikana katika hatua hizo lilikuwa moja: ngozi ikipunguzwa unene, maji hupita kwa wepesi. Basi ikawa haina budi kuulizwa wembamba huo una mwisho wapi. Jibu likapatikana mwaka 2004 mjini Manchester, Uingereza, ambako Andre Geim na Konstantin Novoselov walitumia utepe wenye gundi kubandua tabaka moja tu la kaboni kutoka katika grafiti, kitu kile kile kilichomo ndani ya kalamu ya risasi. Tabaka hilo huitwa grafini. Atomu zake zimeshikana kama vyumba vya sega la nyuki, na unene wake ni atomu moja. Haiwezekani kuwa na utando mwembamba kuliko huo. Mwaka 2010 wataalamu hao wawili walipewa Tuzo ya Nobeli.

Grafini isiyo na tundu haipitishi kitu, hata gesi ya heli. Ili ichuje maji yapasa itobolewe, na matundu yawe ya kipimo. Molekuli ya maji ina upana wa nanomita 0.28 hivi. Chembe ya chumvi iliyoyeyuka haitembei peke yake; molekuli za maji huizunguka kama wapambe wanavyomzunguka bwana harusi, na upana wa msafara huo ni nanomita 0.7 hivi. Kwa hiyo tundu la upana wa kati na kati litampitisha mpita njia wa peke yake, bali msafara wa harusi utakwama mlangoni. Mwaka 2012 David Cohen-Tanugi na Jeffrey Grossman, wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, walipiga hesabu hiyo kwa kompyuta, wakaona kwamba grafini yenye matundu ya namna hiyo ingepitisha maji mara mamia kuliko tando zilizokuwa zikitumika. Hapo ndipo habari za utando wa ajabu zilipoanza kuenea.

Hata hivyo hesabu ya kompyuta si maji ndani ya mtungi. Mwaka 2015 wataalamu wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, huko Tennessee, Marekani, waliitoboa grafini kwa gesi ya oksijeni iliyotiwa umeme, na kweli ikazuia karibu chumvi yote. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini kipande kile cha grafini kilifunika tundu lenye upana wa nanomita 5,000 tu, yaani upana mdogo kuliko hata wa unywele. Katika mitambo ya kweli, bomba moja la utando lenye urefu wa mita moja na upana wa sentimita 20 limekunjiwa ndani yake utando wa zaidi ya mita 35 za mraba, na mtambo mkubwa una maelfu ya mabomba hayo. Kutoka unywele hadi uwanja ni mwendo mrefu. Tena katika uwanja wote huo haifai papatikane mahali pamoja palipochanika, kwa maana chumvi haitafuti milango miwili, mmoja unaitosha.

Wengine wakashika njia nyingine. Huko Manchester, kundi la Rahul Nair lilichukua vipande vidogo vya grafini iliyoungana na oksijeni, likavipanga kimoja juu ya kingine kama makuti ya paa, maji yakapenya katikati. Makuti hayo yalikuwa na ila moja: yakilowa huvimba, nafasi zikapanuka, chumvi ikapita. Mwaka 2017 kundi hilo lilitangaza kwamba limeyabana kwa gundi ngumu yasivimbe, na asilimia 97 hivi ya chumvi ikazuiwa. Asilimia 97 yaonekana nyingi. Lakini ile asilimia 3 inayobaki katika gramu 35 ni gramu moja katika kila lita, na maji ya namna hiyo mnywaji huisikia chumvi yake. Mtambo wa bahari huhitaji utando unaozuia zaidi ya asilimia 99.

Njia ya tatu ilikuwa ya unyenyekevu zaidi, nayo ndiyo iliyofika mbali. Mwaka 2007, katika chuo kile kile cha Los Angeles alikofanya kazi Loeb, Eric Hoek na wenzake walitangaza kwamba hawakuutupa utando wa poliamaidi, bali walichanganya ndani yake chembe ndogo sana za zeolaiti, madini yenye vinjia vya kupitisha maji. Utando huo uliuzwa na kampuni ya NanoH2O, ambayo mwaka 2014 ilinunuliwa na LG Chem ya Korea Kusini, na umetumika katika mitambo ya maji. Ni utando uliokwisha kuvuka kizingiti cha maabara, na ulivuka kwa kuwa ulikubali kupanda juu ya mabega ya ule wa zamani.

Sasa lije swali lenye uzito: utando mwembamba ukipatikana kwa wingi, maji ya bahari yatakuwa rahisi kiasi gani?

Gharama kubwa ya kazi hii ni umeme. Mtambo wa siku hizi hutumia uniti 3 hadi 4 za umeme kwa kila mita moja ya ujazo ya maji matamu, yaani kwa kila madumu 50 ya lita 20. Kwa maneno mengine, uniti moja hutoa madumu 14 hivi. Mitambo ya miaka ya 1970 ilitumia umeme mara kadhaa kuliko huo. Maendeleo hayo hayakutokana na utando peke yake. Yalitokana pia na mashine zinazoyadaka maji ya chumvi yanayotoka yakiwa bado na shinikizo kubwa, zikairudisha nguvu yake kusukuma maji mapya badala ya kuiacha ipotee baharini.

Lakini maendeleo hayo yana ukuta mbele yake. Ule mvuto wa chumvi haukuwekwa na kiwanda wala na serikali. Umewekwa na maumbile. Mwaka 2011 Menachem Elimelech na William Phillip, walioandika juu ya jambo hili katika jarida la Science, walionyesha kwamba kutoa maji matamu nusu kwa nusu katika maji ya bahari hakuwezi kwa njia yoyote kuhitaji chini ya uniti 1.06 hivi kwa mita moja ya ujazo. Na mtambo wa kawaida, unaosukuma maji kwa shinikizo moja tangu mwanzo hadi mwisho, hauwezi kushuka chini ya uniti 1.56 hivi, kwa sababu shinikizo lake lazima lishinde mvuto wa yale maji mazito ya mwisho. Huo utabaki kuwa kweli hata kama utando utakuwa mwembamba kama hewa. Juu ya hesabu hiyo huongezwa umeme wa kuvuta maji kutoka baharini, wa kuyasafisha kabla hayajafika kwenye utando, na wa kuyapeleka mjini. Kwa hiyo nafasi iliyobaki kwa utando kupunguza umeme ni ndogo. Asemaye kwamba utando mpya utafanya maji ya bahari yapatikane karibu bure, ama hakuipiga hesabu hiyo, ama aliipiga akanyamaza.

Je, hiyo ni kusema kwamba kazi yote hii ni bure? La, hasha. Mwaka 2014 wataalamu wale wale wa Massachusetts, Cohen-Tanugi na Grossman wakiwa miongoni mwao, walirudi kuipima ahadi yao wenyewe, jambo la kupendeza kwa mtu wa elimu. Waliona kwamba utando wenye kupitisha maji mara tatu kuliko wa sasa ungepunguza umeme wa mtambo wa bahari kwa asilimia 15 tu. Au, umeme ukiachwa ulivyo, ungepunguza mabomba ya utando kwa asilimia 44. Mabomba machache maana yake ni mtambo mdogo, nyumba ndogo, na fedha kidogo za kuanzia. Nchi inayokopa ili ijenge haiwezi kulidharau jambo hilo.

Tena katika hesabu hiyo mlikuwamo jambo lililopita bila ya kupigiwa tarumbeta. Kwa maji yenye chumvi kidogo, kama yale ya visima, mvuto wa chumvi ni mdogo, kwa hiyo ule ukuta uko mbali zaidi. Na utando wa mara tatu ungepunguza umeme kwa asilimia 46. Basi anayeweza kunufaika zaidi na tando hizi si yule aliye mbele ya bahari, bali ni yule ambaye kisima chake kimeanza kuingiwa na chumvi. Watu wa namna hiyo ni wengi, pwani na bara.

Vilevile wembamba si sifa pekee ya utando mwema. Mwaka 2021 wataalamu wa vyuo vikuu vya Penn State na Texas, pamoja na wa kampuni ya DuPont, walitangaza katika jarida hilo la Science kwamba ngozi ya poliamaidi ina mahali pazito na mahali pepesi ndani yake, na kwamba ngozi iliyo sawasawa kila mahali ilipitisha maji kwa ubora wa asilimia 30 hadi 40 zaidi, hata ilipokuwa nene kuliko nyingine. Walichokuta kinamkumbusha kila fundi kwamba kazi iliyo sawa hushinda kazi iliyo nyembamba.

Sifa nyingine inayotafutwa ni ustahimilivu. Bahari si maji na chumvi tu. Imo mimea, vimelea, mafuta na matope. Vitu hivyo huganda juu ya utando kama ukoga ndani ya mtungi, na njia hufungika. Dawa inayojulikana ya kuua vimelea ni klorini, lakini klorini huila poliamaidi. Kwa hiyo maji hutiwa klorini, kisha klorini hiyo huondolewa kabla maji hayajafika kwenye utando, na vimelea vilivyonusurika hupata nyumba. Utando usioogopa klorini ungeondoa mzunguko huo. Halafu kuna boroni, iliyomo katika maji ya bahari na ambayo hupenya kwenye utando kwa urahisi kuliko chumvi. Ikizidi hudhuru mazao. Kuizuia boroni na kuistahimili klorini ni mambo yasiyotangazwa kwa vishindo, lakini mwendesha mtambo angeyachagua hayo kabla ya wembamba.

Anayetaka ushahidi na atazame Bahari ya Oman. Katika mwaka 2008 na 2009 mwani mwekundu ulichanuka kwa wingi mno katika bahari hiyo na katika Ghuba, na baadhi ya mitambo ya maji ya Oman na ya Umoja wa Falme za Kiarabu ililazimika kufungwa kwa siku nyingi. Mitambo haikukosa umeme wala fedha. Ilishindwa na viumbe visivyoonekana kwa jicho. Mji uliotegemea bahari peke yake ulijifunza kwamba bahari nayo huweza kufunga duka.

Liko pia jambo la mabaki. Katika kila madumu 100 ya maji ya bahari, mtambo hutoa madumu 40 hadi 50 ya maji matamu. Yanayobaki ni maji mazito yenye chumvi maradufu hivi, pamoja na dawa zilizotiwa njiani. Uchunguzi uliofanywa chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa na kutangazwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba mitambo ya kuondoa chumvi, ya kila aina, ilikuwa 16,000 hivi duniani, ikitoa mita za ujazo milioni 95 za maji matamu kwa siku na milioni 142 za maji mazito ya chumvi. Maji hayo yakimwagwa penye mkondo wenye nguvu, huchanganyika na kupotea. Yakimwagwa ndani ya hori tulivu, karibu na matumbawe na mazalio ya samaki, hutulia chini na kudhuru. Utando wowote ule, mwembamba au mnene, hauiondoi chumvi duniani, huihamisha tu. Kwa hiyo mvuvi ana haki ya kuulizwa kabla bomba halijalazwa.

Majirani wa pwani hii wamekwisha kuanza, nao wanatumia tando zilizopo bila ya kungoja za kesho. Huko Kiunga, kaskazini mwa Lamu na karibu na mpaka wa Somalia, mtambo wa nguvu za jua uliwekwa mwaka 2018 na shirika la msaada la Marekani liitwalo GivePower, ukiwa na uwezo uliotajwa kuwa lita 75,000 kwa siku. Huko Djibouti, mtambo wa Doraleh uliojengwa kwa fedha za Umoja wa Ulaya ulifunguliwa mwaka 2021, ukiwa na uwezo wa mita za ujazo 22,500 kwa siku. Mmoja ni wa kijiji, mwingine ni wa mji mkuu, lakini mafunzo yake ni mamoja. Mtambo ni mwanzo wa shughuli wala si mwisho wake. Tando huchakaa na hubadilishwa baada ya miaka kadhaa. Pampu za shinikizo kubwa huhitaji vipuri. Na maji hayana budi kupimwa kila siku na mtu anayejua anachokipima. Msaada unaoleta mashine bila ya fundi huacha nyuma yake mnara wa kumbukumbu.

Kwa sababu hiyo faida kubwa ya elimu hii mpya, kwa nchi za pwani ya Afrika, yaweza kuwa shuleni kabla ya kuwa baharini. Utando huu ni kazi ya kemia. Vijana waliofunzwa kemia na ufundi wa pampu wataweza kuusoma mkataba na kuuliza maswali: utando huu umejaribiwa katika maji ya wapi, kwa muda gani, unastahimili klorini kiasi gani, na nani atauza mwingine huu ukichakaa. Nchi isiyoweza kuuliza maswali hayo itanunua jina badala ya kitu, na chini ya kila bei ya umeme iliyoandikwa katika karatasi itakuwapo bei nyingine isiyoandikwa.

Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Utando wa grafini ni msala mzuri, na huenda siku moja ukatandikwa katika kila mji wa pwani. Lakini mbacha uliopo ni mvua inayoanguka juu ya mapaa na kukimbilia baharini, ni mabomba ya mjini yanayovuja usiku kucha, ni visima vinavyovutwa bila ya kipimo, na ni vilima vya mchanga kama vile vya Shela vinavyohifadhi maji bila ya kudai umeme hata uniti moja. Dumu la maji linalookolewa katika bomba linalovuja halihitaji shinikizo la mara 55, wala halimwagi chumvi kwenye matumbawe.

Hapana haja ya kuchagua kimoja na kukitupa kingine. Pale ambapo mvua haitoshi na visima vimekwisha haribika, bahari itabidi ikamuliwe, na heri ikamuliwe kwa utando bora kabisa utakaopatikana. Ila yule mama wa pwani mwenye ndoo mkononi hastahili kungojeshwa kwa ahadi ya ajabu. Anastahili kuambiwa kweli: kwamba wataalamu wanaendelea, kwamba hatua zao ni za haki na ni za polepole, kwamba maumbile yameweka bei ambayo hakuna utando utakaoishusha, na kwamba sehemu kubwa ya maji atakayokunywa mwakani iko katika mambo yanayoweza kufanywa tangu leo.